Jungu Kuu la Havana

Machi 1996, katika studio ya EGREM mjini Havana, kijana wa miaka 17 alikaa kwenye ngoma zake, hatua chache kutoka kwa mzee wa miaka 88. Kijana alikuwa Joachim Cooder, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1978. Mzee alikuwa Francisco Repilado, aliyezaliwa mwaka 1907 Siboney, mashariki mwa Kuba, na ambaye dunia ingemjua muda si mrefu kwa jina la Compay Segundo. Kati yao kulikuwa na pengo la miaka 71. Kwa hesabu za kwetu, mzee angeweza kuwa baba wa babu yake kijana.

Kati ya hao wawili zilijipanga rika nyingine. Mwimbaji Pío Leyva alikuwa na miaka 78. Mpiga piano Rubén González, 76. Ibrahim Ferrer, 69. Omara Portuondo, mwanamke pekee aliyeimba mbele katika albamu ile, 65. Mpiga besi Orlando López, 63. Eliades Ochoa, mwenye kofia yake pana na gitaa la mashambani, 49. Juan de Marcos González, aliyewakusanya wengi wao, 42. Kwa siku sita tu walirekodi albamu iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la Buena Vista Social Club.

Nimeisikiliza albamu hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na kila nikiisikiliza swali langu ni lilelile: watu waliopishana umri kiasi hicho waliwezaje kupiga wimbo mmoja bila mmoja wao kugeuka pambo la mwenzake? Nauliza kwa sababu nimekulia Morogoro, mji uliokuwa na bendi mbili kubwa za dansi, na leo hii mjini kwetu kijana wa miaka 17 na mzee wa miaka 70 hawakutani popote penye muziki, labda msibani.

Havana na Morogoro si mbali kama ramani inavyodai. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Uingereza iliyotoa santuri za His Master's Voice ilianza kuleta Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi za GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba. Zilivuma kuanzia Afrika Magharibi na Kongo hadi pwani yetu. Watu hawakuelewa Kihispania, lakini mapigo waliyaelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapigo yale ilikwenda Kuba ndani ya merikebu za watumwa waliotolewa Afrika. Mwaka 1948 kijana mmoja wa Morogoro, Salum Abdallah, aliunda bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba. Jina lilisema lote. Wapinzani wao, Morogoro Jazz, walikuwepo tangu 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa atakayekuja kuifanya bendi hiyo ijulikane nchi nzima. Tafakari hilo kidogo: mwanamuziki na bendi yake wana umri mmoja. Alipoingia katikati ya miaka ya 1960, alikuta bendi ikiwa mtu mzima. Alikuta namna ya kupanga magitaa, namna ya kupokezana sauti, na namna ya kukaa jukwaani mpaka usiku wa manane. Hakuanza na uwanja mtupu.

Kwa hiyo wazee wa Havana walipotokea mwaka 1997, kwetu hawakuwa wageni. Walikuwa mababu wa upande wa mbali.

Namna walivyokusanyika ina bahati ndani yake, na ina kazi ya mtu. Mpango wa mwenye kampuni ya World Circuit ya London, Nick Gold, ulikuwa kuwakutanisha wapiga magitaa wa Mali na wanamuziki wa Kuba. Ry Cooder, mpiga gitaa Mmarekani, aliitwa kuwa mtayarishaji, naye akaja na mwanawe Joachim. Wamali hawakufika, viza ziliwakwamisha. Studio imelipiwa, wageni wameshatua, na wenzao hawapo. Ndipo mpango mwingine ukachukua nafasi, nao ulikuwa wa Juan de Marcos.

Habari nyingi zilizoandikwa Ulaya na Marekani zilimfanya Cooder kuwa mvumbuzi, kama vile wazee wale walikuwa wamefukiwa na yeye akaja na jembe. Lakini watu hao walikuwa na anwani na majirani, na alikuwepo Mkuba aliyezijua anwani hizo. Juan de Marcos alizaliwa Havana mwaka 1954, na baba yake alikuwa ameimba na Arsenio Rodríguez, nguli wa muziki wa son. Katika miaka ya 1970, wakati vijana wenzake wakifuata roki na nyimbo mpya za mapinduzi, yeye na wanafunzi wenzake wa chuo kikuu waliunda kundi la Sierra Maestra na kuanza kupiga son kwa mtindo wa zamani. Kabla Cooder hajatua Havana, alikuwa tayari na wazo la bendi ya kuwaheshimu wazee, ikiwachanganya na vijana. Bendi hiyo, Afro-Cuban All Stars, ilirekodi albamu yake katika studio ileile, siku chache kabla.

Hapo ndipo ninapoona siri ya kwanza. Pengo la miaka 71 halirukwi kwa mguu mmoja. Linahitaji daraja, na daraja ni mtu wa makamo: mwenye umri wa kutosha kuwa amesikia hadithi za wazee kutoka kwa baba yake, na mwenye ujana wa kutosha kupanda ngazi za ghorofa za Havana akibisha hodi mlango hadi mlango. Wazee peke yao wasingejikusanya. Vijana peke yao wasingejua pa kubisha.

Mlango mmoja aliobisha ulikuwa wa Ibrahim Ferrer. Ferrer alizaliwa mwaka 1927 karibu na Santiago. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 12, na toka hapo akaanza kujitafutia riziki mitaani. Aliimba kwa miongo kadhaa na bendi ya Los Bocucos, mara nyingi katika nyimbo za haraka au akiitikia kibwagizo. Bolero, nyimbo za taratibu za mapenzi alizozitamani maisha yote, aliambiwa sauti yake haziwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaacha muziki. Juan de Marcos alipomfuata, Ferrer alikuwa akipata senti za ziada kwa kupiga watu kiwi viatu, na hamu ya kuimba hakuwa nayo tena. Alikwenda studio siku hiyohiyo kwa kushawishiwa. Rubén González alipomwona akaanza kupiga bolero waliyoijua wote wawili, na mzee akaimba kile alichoambiwa hawezi.

Rubén mwenyewe alikuwa na kisa chake. Katika miaka ya 1940 alipiga piano katika bendi ya Arsenio Rodríguez, kisha kwa miaka mingi na Enrique Jorrín, mtu aliyebuni chachachá. Alipostaafu, baridi yabisi ilikuwa imemshika vidole, na nyumbani hakuwa na piano. Wenye studio wanasimulia kwamba asubuhi alikuwa akisubiri mlangoni, ukifunguliwa anakwenda moja kwa moja kwenye piano. Walimrekodia albamu yake mwenyewe kwa siku mbili. Wakaiita Introducing, yaani wanamtambulisha kwa watu. Mtu anatambulishwa akiwa tayari mzee! Na mwaka 2000, tuzo za Latin Grammy zilipofanyika kwa mara ya kwanza, Ibrahim Ferrer alishinda ile ya msanii bora chipukizi, akiwa na miaka 73. Nilicheka niliposoma habari hizo mara ya kwanza. Baadaye kicheko kilipungua. Kumwita mtu chipukizi baada ya nusu karne ya kuimba ni kukiri kwamba kwa nusu karne hukuwa ukisikiliza.

Lakini turudi ndani ya studio, maana huko ndiko umri ulikofanya kazi yake.

Jina Compay Segundo lenyewe ni cheo cha bendi. Compay ni namna Wakuba wa mashariki wanavyomwita mtu waliyeshikamana naye, kama sisi tunavyosema swahiba. Segundo ni wa pili, kwa maana ya sauti ya pili. Alilipata jina hilo katika miaka ya 1940, alipoimba sauti ya pili katika kundi la watu wawili, Los Compadres, pamoja na Lorenzo Hierrezuelo. Baadaye muziki ulipoacha kumlisha, alifanya kazi kwa miaka mingi katika kiwanda cha sigara za Havana, na gitaa hakulitupa. Alikuwa na lake la nyuzi saba, alilolibuni mwenyewe.

Sasa sikiliza wimbo unaofungua albamu, Chan Chan, ambao ni mali yake, alioutunga akiwa tayari mzee. Ungetegemea mwenye wimbo aongoze. Anayeongoza ni Eliades Ochoa, mdogo kwake kwa miaka 38. Compay anakaa chini yake na ile sauti nzito ya pili, kama mtu aliyeshika ngazi mwenzake anapopanda. Nimekaa na wanamuziki wa dansi wa kwetu, na wote wamenieleza jambo lilelile kwa maneno tofauti: sauti ya kwanza inaweza kupotea njia na wimbo ukasimama, lakini ya pili ikipotea, wimbo umekwisha. Ni kazi ya mtu aliyetulia, anayeusikiliza wimbo kwa niaba ya wenzake. Sisi tumezoea kudhani heshima ya mkubwa ni kupewa kiti cha mbele. Katika wimbo ule mkubwa amejiweka nyuma, na wimbo umesimama juu yake.

Joachim naye hakupewa nafasi ya mtoto wa bosi anayepigiwa makofi. Miongoni mwa ngoma alizopiga ni udu, ambayo ni chungu cha udongo chenye asili ya Nigeria. Ukiitafuta kwenye albamu utaipata kwa shida. Ipo chini kabisa, inapumua. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, wakimaanisha mzee hakosi cha kutoa hata ukidhani amekwisha. Katika studio ile kijana ndiye aliyepiga chungu, na wazee ndio walioutoa ukoko.

Kuna jambo ambalo msomaji wa kwetu atalielewa haraka kuliko mwandishi wa Ulaya. Katika makabila yetu mengi, babu na mjukuu ni watani. Mjukuu anaweza kumvuta babu yake kofia, babu anaweza kumwita mjukuu wa kike mke wake, na watu wakacheka. Heshima nzito, ile ya kutazama chini, iko kati ya baba na mwana. Nadhani ndiyo maana mapengo makubwa sana ya umri hukaa vizuri katika bendi kuliko yale ya kati. Anayekuzidi miaka kumi mnagombea nafasi moja. Anayekuzidi 70 hana cha kukugombania. Katika filamu ya Wim Wenders ya mwaka 1999 kuhusu kundi hili, Compay, akiwa na miaka 90, anajigamba kwamba ana watoto watano na anamtafuta wa sita. Hayo ni maneno ya babu kwa wajukuu. Baba hawezi kuyasema mbele ya wanawe.

Mpiga besi Orlando López anaonyesha upande mwingine wa jambo hilo. Wote walimwita Cachaíto, yaani Cachao mdogo, kwa sababu ya ami yake Israel López, aliyeitwa Cachao, mmoja wa ndugu wawili waliouzaa mambo. Ndugu wa pili ni Orestes, baba yake Cachaíto. Mtu alifika miaka 63 bado anaitwa mdogo. Ukizaliwa katika nyumba ya muziki, umri wako unahesabiwa kwa kulinganishwa na waliokutangulia, hata kama ami yako aliondoka Kuba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na wimbo uliolipa kundi jina ulikuwa wa Cachao, aliyeutunga kwa ajili ya klabu ya Waafrika wa Kuba iliyokuwa mtaa wa Buenavista, klabu ambayo mwaka 1996 ilikuwa imefungwa zamani.

Sisemi kwamba yote yalikuwa asali. Albamu iliuzwa kwa mamilioni, na kilichouzwa pamoja na muziki kilikuwa mvi. Picha zilikuwa za magari ya zamani, kuta zilizobabuka na wazee wenye sigara. Wakati huohuo Havana ilikuwa na muziki wake wa siku hizo, timba, uliojaza kumbi kwa vijana waliokuwa wakiishi katika dhiki iliyofuata kuanguka kwa Umoja wa Kisovieti. Wapigaji wa timba walikuwa mafundi, wengi wamesoma vyuo vya muziki, na wageni waliofika mjini waliwapita wakiulizia wazee. Hilo nalo ni pengo la umri: dunia ikikupenda kwa uzee wako tu, inamfungia mlango mwanao.

Hatukukosa mfano wa hilo nyumbani. Bi Kidude wa Zanzibar alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akaimba Ulaya na Japani, na karibu kila kilichoandikwa juu yake kilianza na umri wake kabla ya sauti yake.

Na muda haukusubiri. Compay Segundo alifariki Julai 2003, akiwa na miaka 95. Rubén González alimfuata Desemba mwaka huohuo. Februari 2004 Marekani ilimnyima viza Ibrahim Ferrer, mzee wa miaka 76, asiende kupokea tuzo yake ya Grammy, kwa sheria inayowahusu watu wanaoonekana kuwa na madhara kwa maslahi ya nchi hiyo. Agosti 2005 naye akafariki. Waliokuwa wamengoja miaka 50 walipata chini ya 10.

Hapo bendi ya kawaida ingekufa. Hii ilipata nafuu kwa sababu mtu alikuwa ameandaliwa. Rubén alipochoka safari, aliyeketi kwenye piano ya ziara za Ferrer alikuwa Roberto Fonseca, aliyezaliwa mwaka 1975. Alikaa karibu na wazee jukwaani, usiku baada ya usiku, akijifunza jambo ambalo chuo hakifundishi: lini usipige. Kundi liliendelea na jina la Orquesta Buena Vista Social Club hadi ziara ya kuaga iliyomalizika mwaka 2016, Omara Portuondo akiwa na miaka 85 na bado anaimba. Ule mpango wa Mali nao ulitimia, miaka 14 baadaye. Mwaka 2010 ilitoka albamu ya AfroCubism, Wakuba na Wamali pamoja, na aliyeongoza upande wa Kuba alikuwa Eliades Ochoa. Yule kijana wa miaka 49 sasa alikuwa na 64. Zamu yake ya kuwa mzee ilifika, naye alijua mzee anakaa wapi katika wimbo.

Ninapotazama kwetu, ninaanza na neno tunalotumia. Muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 tunauita zilipendwa. Kisarufi tumeuzika tayari: zilipendwa, hazipendwi. Mkuba anayepiga son mwaka huu hasemi anapiga kitu kilichopendwa. Anasema anapiga son.

Muhidin Gurumo, aliyezaliwa mwaka 1940, alikuwa katika NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, akapita Mlimani Park na kwingineko, akarudi kwenye bendi hiyo ya zamani ilipokuwa imebadilishwa majina mpaka ikaitwa Msondo Ngoma. Alistaafu mwaka 2013. Mwaka huohuo Diamond Platnumz, aliyezaliwa 1989, alimzawadia gari katika uzinduzi wa video yake. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Kijana amemkumbuka mzee, na mzee aliyepiga muziki kwa nusu karne akapata usafiri wake. Aprili 2014 Gurumo akafariki.

Kati ya wawili hao kulikuwa na miaka 49, pungufu sana ya ile 71 ya Havana. Hakukuwa na wimbo. Gari lile lilikuwa shukrani, na shukrani ni jambo jema, lakini hutolewa mtu anapoondoka. Kilichokosekana ni mtu wa miaka 42, mwenye orodha ya milango kichwani, aliyewaweka wote wawili studio siku sita na kumwambia kijana: wewe ongoza, mzee atakushikia sauti ya pili.

Watu wa umri huo tunao. Wengi walizaliwa bendi zikiwa bado zinajaza kumbi za Dar es Salaam, baba zao walipiga tumba au tarumbeta, na namba za simu za wazee waliobaki wanazo. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na vyombo vyao wengi wamekwishaviuza. Rubén González naye hakuwa na piano.